Kearny husomwa "KAR-ni": majina ya Kiayalandi yanayotupoteza njia ughaibuni

Mwaka wangu wa kwanza New Jersey nilipigiwa simu kuhusu kazi ya kutunza wazee. Mama wa upande wa pili akaniambia, "Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi, ofisi iko Kani." Nilivyosikia ndivyo nilivyoandika: Carney. Siku yenyewe ramani ya simu ikanionyesha Carney ya Maryland, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Nikajua nimetapeliwa, nikarudi kulala. Kumbe ofisi ilikuwa Kearny, mji ambao basi langu lilipita kila siku, na mimi kila siku nikisoma kibao chake "Ki-a-ni". Nilipopiga simu kuomba radhi, nafasi ilikuwa imepata mtu.

Tangu hapo nimeyafuatilia majina haya kwa bidii, na ninataka mgeni anayefika leo asilipe nilicholipa.

Waayalandi walihama kwa wingi, hasa wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852, wakaacha majina yao Marekani, Kanada na Australia. Mengine ni ya miji ya kwao, mengine ni ya watu. Kearny imepewa jina la Jenerali Philip Kearny, wa ukoo wenye asili ya Ayalandi, aliyeuawa vitani mwaka 1862. Nebraska kuna Kearney, ya mjomba... niseme sawasawa, ya baba yake mdogo, Stephen Kearny. Hiyo ina herufi "e" ya ziada iliyoingia kwa kosa la uandishi ikabaki hadi leo. Zote mbili ni "KAR-ni".

Herufi zinasumbua, lakini kinachotuangusha zaidi sisi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdomo wetu hupeleka kila jina huko bila kutuuliza. Chukua Killeen, Texas, mji ulio jirani na kambi kubwa ya jeshi, ambako vijana wetu waliojiunga na jeshi la Marekani hupelekwa. Ukisema "KI-lin", mtu atakuuliza mara tatu. Sema "ki-LIIN", uzito wote mwishoni, na hata "l" yako ikiwa ya Kisii au ya Kikuyu utaeleweka.

Kuna njia ya kukisia. Majina mengi ya Ayalandi yana vipande viwili. "Kil" mara nyingi ni kanisa, "Bally" ni mahali au makazi, "Dun" ni ngome. Kipande hicho cha mbele hakibebi uzito. Kinachoubeba ni kile kinachofuata, kinachotaja kanisa la nani au ngome gani. Fikiria makanga anavyoita "Kwa Njenga", au mtu wa Dar anavyosema "Tandale kwa Mtogole". Hakuna anayekazia "kwa". Basi Kilkenny ni "kil-KE-ni", na Kildare ni "kil-DEA". Wakatoliki wa Kenya wanaowajua mapadre wa Kiltegan wamekuwa wakilitamka jina la kijiji kimoja cha kaunti ya Wicklow, Ayalandi, miaka yote: "kil-TII-gan". Killeen ya Texas yenyewe imetokana na jina la ukoo, si kanisa, ila mkazo wake haukuhama.

Halafu kuna "gh". Hiyo usiitafute kooni kama "gh" ya "ghali". Monaghan, utakayoikuta Ontario katika jina la Cavan Monaghan, ni "MO-na-han". Meagher, kaunti ya Montana, ni "Mar" tu, silabi moja, herufi saba! Inatokana na Thomas Francis Meagher, mzaliwa wa Waterford, Ayalandi.

Sasa jambo ambalo watu hubishania bure. Jina likihama, linabadilika. Ballina ya kaunti ya Mayo, Ayalandi, ni "ba-li-NA", lakini Ballina ya New South Wales, Australia, ambayo wengine husema jina lake lina asili ya wenyeji wa kale wa huko, ni "BA-li-na". Tyrone ya Ayalandi huanza na "ti", ya Pennsylvania huanza na "tai". Kwa hiyo ukihamia Australia kutoka Dublin, usiende kuwasahihisha wenyeji. Wanaoishi pale ndio wenye jina. Muulize dereva wa basi au mwenye duka, na usiitegemee sana sauti ya ramani ya simu, maana nayo hukisia kama mgeni.

Ukishasikia, liandike palepale kwa Kiswahili. Hapa tuna bahati, maana tahajia yetu hufuata sauti. Mimi nina ukurasa kwenye simu: upande mmoja jina lilivyo kwenye kibao, upande wa pili jinsi linavyosikika, na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa. Kabla ya usaili nalisoma kwa sauti mara tano.

Kwenye simu, omba litajwe herufi kwa herufi, kisha lirudie wewe. Angalia mtego: "E" ya Kiingereza huitwa "i", na "I" huitwa "ai". Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wana mtego wa pili, kwani "G" na "J" hubadilishana majina. Tumia neno la kushikizia: E ya Emma, G ya George. Omba pia jimbo na namba ya posta, kwa kuwa jina moja laweza kuwa na miji mitatu.

Na ukipiga 911, namba ya dharura ya Marekani na Kanada, usipoteze muda kupigana na jina. Taja namba ya nyumba na mtaa, ikibidi utaje mtaa herufi kwa herufi. Ukiwa barabarani, taja namba ya barabara, upande unaoelekea, na namba iliyo kwenye kibao cha mwisho cha kutokea ulichokipita.