SOMO: Nguzo za timu zikiumia katikati ya msimu, fanya hivi

Habari wakuu. Wiki hii nimeulizwa swali hilihili mara nne: beki wangu wa kati yupo nje, kiungo anachechemea, ligi imefika nusu, nifanyeje? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii. Mimi nafundisha timu ya mtaa, ligi ya wilaya. Hatuna daktari wala hela ya usajili.

Hatua ya 1. Anayechechemea anatoka. Hata kama mmeshamaliza nafasi za kubadilisha.

Hatua ya 2. Barafu juu ya kitambaa, dakika 15 hadi 20, funga bandeji, inua mguu. Asichuliwe siku mbili tatu za mwanzo.

Hatua ya 3. Goti lililovimba ndani ya saa chache, au mchezaji anayesema alisikia kitu kimekatika, ni hospitali leo leo.

Hatua ya 4. Andika kwenye daftari: kaumia nini, atakosa mechi ngapi. Mechi mbili unavumilia, nusu msimu unajenga upya.

Hatua ya 5. Ziba pengo kwa mtu mmoja tu.

Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Msimu wa juzi namba 5 wangu, yaani beki wa kati, aliteguka enka mzunguko wa kwanza. Benchi nilikuwa na kijana wa miaka 18, mrefu, mzito kugeuka. Sikumwamini. Nikamrudisha nyuma kiungo mkabaji (namba 6), mchezaji wangu bora kuliko wote. Kuziba sita nikamshusha namba 10, kiungo mshambuliaji, kuziba kumi nikamwingiza winga ndani, na pembeni nikaweka mtu wa benchi. Kaumia mmoja, nimevuruga nafasi nne. Mabeki hawakuwa na shida; shida mpira ulikuwa hautoki kwetu. Tukiokoa, unarudi. Dakika ya 70 yule kiungo wangu alisimama na mpira mguuni, akatazama mbele, akatazama benchi, hana wa kumpa. Nikang'ang'ana hivyo mechi tano, tukapata pointi moja. Ya sita nikamwanzisha kijana, kila mtu akarudi mahali pake, tukatoka bila kufungwa.

Liverpool walipita njia hiyohiyo 2020/21. Beki wao wa kati Van Dijk aliumia goti Oktoba dhidi ya Everton, beki mwenzake Gomez Novemba akiwa na timu ya taifa, baadaye beki wa tatu, Matip. Viungo Fabinho na Henderson wakashushwa ukutani, yaani safu ya mabeki, Henderson naye akaumia akicheza huko. Kiungo kikafa, na mabingwa watetezi wakapoteza mechi sita za ligi mfululizo kwenye uwanja wao, Anfield. Machi Fabinho alirudi kiungo, nyuma wakasimama mabeki Nat Phillips na Kabak, mwishoni Phillips na kijana Rhys Williams. Wakamaliza wa tatu. Phillips si Van Dijk, ila kichwa anapiga, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kupiga vichwa.

Angalizo:
- Usimpe mbadala kazi ya aliyeumia. Namba 5 wangu alikuwa anapiga pasi ndefu. Kijana nilimwambia akipata mpira ampe sita, basi.
- Kama ni mzito kugeuka, vuta ukuta nyuma kidogo na umzuie beki mmoja wa pembeni asipande.
- Akikosea mechi ya kwanza usimtoe. Ukimtoa, umempoteza yeye na unaanza upya.

Hatua ya 6. Wanaocheza kila mechi wapunguzie mazoezi mazito.

Hatua ya 7. Anayerudi akimbie kasi yote, asimame ghafla, ageuke, apige shuti, bila maumivu. Afanye mazoezi kamili na wenzake wiki nzima, ndipo aanzie benchi.

MASWALI

Mtoto wa Ilala: Mwalimu, straika wangu kachanika msuli nyuma ya paja Jumapili, fainali Jumamosi. Achomwe sindano ya maumivu acheze?

Jibu: Hapana.

Mtoto wa Ilala: Ila mwenyewe anasema yupo freshi.

Jibu: Kabla ya fainali kila mchezaji yupo freshi. Maumivu ndiyo yanayokwambia msuli umefikia wapi. Sindano inayanyamazisha, msuli unabaki umechanika. Soma hatua ya 7.

Bingwa255: Ndefu sana sijasoma. Kifupi tutumie mfumo gani?

Jibu: Hatua ya 5. Isome.

Mzee wa Data: Real Madrid 2023/24 walimshusha kiungo Tchouaméni nyuma na wakachukua Ligi ya Mabingwa Ulaya. Hoja yako inasimamaje?

Jibu: Swali la maana, mkuu. Kipa Courtois na beki Militão waliumia magoti Agosti, beki Alaba Desemba. Tchouaméni alicheza nyuma baadhi ya mechi, kweli. Lakini fainali walisimama Rüdiger na Nacho, mabeki wa kuzaliwa. Golini, kabla ya fainali, Lunin, kipa wa akiba, alidaka penalti mbili dhidi ya Manchester City. Halafu ukimtoa Tchouaméni kiungo wanabaki Kroos, Valverde, Camavinga na Modrić. Wewe ukimtoa sita wako anabaki nani? Kama unao wawili wa kiwango kimoja, mshushe mmoja, sina ugomvi.

Mama Kocha: Nafundisha wasichana. Magoti mawili msimu huu. Ni bahati mbaya tu?

Jibu: Si bahati peke yake, dada. Ligamenti ya goti, ile kano inayoshika mifupa, hukatika zaidi kwa wanawake kuliko wanaume. Waambie waruke na kutua, ukae mbele yao utazame: goti likikunjika kwa ndani, hapo pana kazi. Tafuta programu ya FIFA 11+ ya kupasha misuli: dakika 20, haihitaji vifaa maalumu, angalau mara mbili kwa wiki. Ndani yake mna zoezi la kupiga magoti, mwenzako akushike vifundo, ushuke mbele polepole. Linalinda sana nyama za nyuma ya paja. Na aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti asirudi kabla ya miezi tisa, hata akililia.

Mama Kocha: Asante sana. Uwanjani kwetu barafu haifiki, inayeyuka njiani.

Jibu: Ndoo yenye kifuniko, jaza maranda ya mbao, zika barafu katikati.

Winga Teleza: Sisi tunanunua barafu za ubuyu kwa mama mmoja pale getini. Zinafaa?

Jibu: Zinafaa, usifungue mfuko. Zile nyembamba zinazunguka enka vizuri kuliko bonge la barafu. Kitambaa kwanza.