Buti likigoma hapa Kigoma

Umetoka soko la Mwanga na dagaa zako, buti halifunguki. Acha bisibisi kwanza. Angalia sakafuni pembeni ya kiti cha dereva, kuna kishikio kidogo, mara nyingi jirani na kile cha tenki la mafuta. Baadhi ya Toyota, kishikio hicho kina tundu la ufunguo; kama kimefungwa utavuta mpaka jioni. Kikivutika bila matokeo, mwenzako akandamize mfuniko wa buti huku wewe ukivuta. Mzigo ukibana, komeo hukwama. Betri imekufa? Rimoti haina kazi, tumia ufunguo wenyewe. La sivyo laza kiti cha nyuma, kama kinalala, upitie ndani. Fanya haraka, dagaa na jua hawapatani.