Jinsi ya kuiombea klabu ya ufundi fedha za Perkins

Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya HOSA, chama cha wanafunzi wa fani za afya, kwenye sekondari moja hapa Marekani. Kila mwaka naona walezi wenzangu wakiuza keki na kuosha magari ili vijana wafike mashindanoni, na fungu la serikali lipo. Sheria ya Perkins V, yaani sheria ya serikali kuu ya kufadhili elimu ya ufundi, iliyotiwa saini Julai 2018, inaruhusu fedha zake kusaidia vyama vya wanafunzi wa ufundi kama HOSA, SkillsUSA (fani za ufundi na huduma) na FFA (kilimo), pamoja na maandalizi na ushiriki wa mashindano ya ustadi. Inaruhusu tu, hailazimishi. Asiyeomba hapati.

Hatua ya 1: Jua mfuko uko kwa nani. Klabu haipewi hela mkononi. Serikali kuu hupeleka jimboni, na angalau asilimia 85 hushuka kwenye wilaya za shule na vyuo. Mtafute mkurugenzi wa elimu ya ufundi wa wilaya yako. Mkuu wa shule peke yake hatoshi.

Hatua ya 2: Wahi. Mwaka wa fedha za Perkins huanza Julai 1 na bajeti hupangwa kabla ya hapo. Ukibisha hodi Februari kwa ajili ya safari ya Machi, fungu limeshagawanywa.

Hatua ya 3: Ingia kwenye tathmini ya mahitaji. Hapa ndipo mambo yote yanapoamuliwa, na ndipo walezi wengi hawaonekani. Angalau kila baada ya miaka 2, wilaya lazima itathmini mahitaji ya programu zake, na matumizi ya fedha yatokane na tathmini hiyo. Kama klabu haikutajwa humo, ombi lako halina pa kusimama. Sheria inataka wazazi na wanafunzi nao washauriwe, kwa hiyo mzazi, usingoje kualikwa. Uliza kikao ni lini, uende.

Hatua ya 4: Andika ombi kwa lugha ya masomo. Ukiandika "Safari ya HOSA, dola 2,400", litarudi. Andika hivi: "Usafiri wa wanafunzi 6 wa kozi ya uuguzi msaidizi kwenda mashindano ya jimbo, watakakopimwa stadi zilizo kwenye mtaala wa kozi." Hela ni ile ile, ila sasa mkaguzi anaona darasa, haoni matembezi.

Hatua ya 5: Ondoa vitakavyokatwa. Fulana, zawadi, burudani, gharama za harambee: toa. Ada ya uanachama ya mwanafunzi mmoja mmoja nayo kwa kawaida haipiti. Soma mwongozo wa idara ya elimu ya jimbo lako, maana majimbo mengine hubana zaidi.

Hatua ya 6: Wataje watoto wa makundi maalumu. Sheria inaruhusu kuwapunguzia au kuwaondolea gharama za mfukoni, zikiwemo ada na usafiri, wanafunzi wa makundi maalumu. Humo wamo wa familia zenye kipato kidogo, wenye ulemavu, wanaolelewa na familia za malezi chini ya mpango wa serikali (foster care), na wanaojifunza Kiingereza. Watoto wengi wa familia zetu zilizotoka Kongo kama wakimbizi wanaingia kwenye makundi mawili kwa mpigo, na mara nyingi mzazi hajaambiwa. Usiorodheshe majina kwenye ombi; toa idadi, ofisi ina kumbukumbu.

Hatua ya 7: Chunga mtego wa kubadilisha mifuko. Fedha za Perkins ni nyongeza. Kama mwaka jana wilaya ililipia basi kwa hela yake, usilihamishie Perkins mwaka huu, mkaguzi hulinganisha. Tunza risiti, orodha ya waliosafiri na ratiba ya mashindano kwenye faili moja. Vifaa mlivyonunua kwa fedha hizi, kama mashine za kupimia presha za mazoezi, ni mali ya programu, hivyo vibandike namba za shule siku vinapofika.