Jinsi ya kuipata Shenshu kiunoni bila kubahatisha

Juzi shemeji kaja kwangu kiuno kimekaza, kaendesha gari toka Morogoro bila kusimama, ananiambia "shem hebu nibonyeze pale wanapobonyezaga Wachina". Nikambonyeza. Mkewe akataka nimfundishe awe anamfanyia mwenyewe, na katika kumwelekeza ndo nikaona kuna sehemu moja tu inayosumbua watu, zilizobaki ni mteremko.

Pointi yenyewe inaitwa Shenshu, ni moja ya sehemu za mwili ambazo tiba ya Kichina inazibonyeza au kuzichoma sindano, shen maana yake figo. Kwenye chati utaiona BL23, iko kwenye njia ya kibofu, yaani mstari mmoja wa pointi mwilini, wenye pointi 67. Ziko mbili, kulia na kushoto kwa uti wa mgongo. Kwa Wachina kiuno ni nyumba ya figo, na figo wanayoisema wao inabeba mpaka mifupa, uzazi na nguvu za mtu, sio kuchuja mkojo tu.

Hapa naongelea kubonyeza. Sindano mwachie aliyesomea, maana chini ya hapo kuna figo yenyewe na ukichoma kwa kina umeharibu.

Hatua ya 1: Mlaze kifudifudi, mto chini ya tumbo, mikono pembeni.

Hatua ya 2: Tafuta pingili ya pili ya kiuno. Hii ndo ilinila masaa mengi nilipokuwa najifunza kwahiyo nenda nayo taratibu. Shika kiuno kwa viganja viwili, vidole vikae juu kabisa ya mifupa ya nyonga, dole gumba zikutane katikati ya mgongo. Hapo upo kwenye pingili ya nne au kashimo ka chini yake. Panda kifundo kimoja (kale kanundu ka mfupa unakohisi katikati ya mgongo), ya tatu, panda tena, ya pili. Shimo lililo chini ya hiyo ya pili ni pointi nyingine, Mingmen, yaani lango la uhai, na Shenshu iko usawa huohuo pembeni. Sasa matatizo. Mtu akiwa na nyama nyingi kiunoni vidole vyako vinakaa juu ya nyama, sio juu ya mfupa, mstari unapanda, unaishika ya tatu ukidhani ya nne na kuanzia hapo kila kitu kimehama, kwahiyo zamisha vidole mpaka ugonge mfupa. Tatizo lingine unaanza kuhesabu vifundo halafu katikati unahamia kuhesabu mashimo bila kujijua (mimi naweka alama kwa kalamu, sioni aibu). Na wale wanaosema pima usawa wa kitovu, mi siwaelewi, kitovu cha mwenye kitambi kimeshahama zamani. Ukisogea pembeni ukahisi ubavu, huenda umepanda sana, hesabu upya.

Hatua ya 3: Toka katikati nenda pembeni cun 1.5. Cun ni kipimo cha mwili, upana wa dole gumba kwenye kiungo chake ni cun 1, ila ni dole gumba la MGONJWA, sio lako. Mimi nilijifunzia Guangzhou, China, siku moja nikampima bibi mmoja mdogo mwembamba kwa haya madole yangu, mwalimu hakusema kitu, alichukua tu mkono wa yule bibi akaulaza juu ya mgongo wake mwenyewe. Nilikuwa nimepitiliza karibu upana wa kidole. Njia rahisi ni vidole viwili vya mgonjwa, cha shahada na cha kati vikiwa vimebanana. Kuhakiki: toka uti wa mgongo mpaka ukingo wa ndani wa mfupa wa bega ni cun 3, nusu yake ndo yako.

Wa zamani walikuwa wakali zaidi, mwaka 1027 China walitengeneza sanamu za shaba zenye matundu ya pointi, wanazipaka nta juu, ndani maji, mwanafunzi akichoma sawasawa maji yanatoka.

Hatua ya 4: Bonyeza kwa dole gumba, polepole, dakika moja hadi mbili. Kiwiko sikipendi na zile mashine za kutetemesha ndo kabisa, huhisi chochote chini ya mkono. Unachotafuta ni uzito fulani unaouma kwa utamu. Akiruka kwa maumivu makali, acha.

Usimbonyeze mjamzito, aliyeanguka karibuni, au mwenye mifupa dhaifu. Akiwa na homa, ganzi sehemu za siri, mguu unakosa nguvu au mkojo haumtii, hospitali leo leo.

Mke wa shemeji alipatia mara ya tatu. Najua kwa sababu shem alinyamaza katikati ya sentensi akaanza kukoroma, na mto wangu hajarudisha.