Namna ya Kuandika Historia ya Maktaba ya Kata

Anayetaka kuandika historia ya maktaba ndogo ya kata au ya kijiji katika Nyanda za Juu Kusini asianze kwa kuwahoji wazee, ingawa huko ndiko wengi wetu tunakovutwa. Aanze na vitabu vyenyewe. Omba ruhusa kwa mkutubi na kwa mtendaji wa kata, kisha pitia rafu moja baada ya nyingine ukifungua kurasa za mwanzo za kila kitabu, ambako mara nyingi utakuta muhuri, namba ya kitabu na karatasi ya tarehe za kurudisha. Picha ya simu inatosha, mradi uandike papo hapo kitabu kilikuwa rafu gani.

Muhuri ni shahidi mwema, lakini husomwa kwa uangalifu. Kabla ya uhuru, shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likiazimisha vitabu kwa masanduku na kwa njia ya posta, kwa hiyo kitabu chenye alama yake kinaweza kuwa kilisomwa wilayani kwenu kabla chumba cha maktaba hakijakuwapo. Sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ikafunguliwa rasmi na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Hapa ndipo penye mtego: nchi ilianza kuitwa Tanzania mwaka 1964, lakini huduma hiyo iliendelea kubeba jina la Tanganyika hadi sheria mpya ya mwaka 1975. Mimi mwenyewe niliwahi kuiongezea maktaba moja umri wa miaka kumi kwa sababu ya muhuri wa namna hiyo, na ilinibidi niirudie sura nzima. Kumbuka pia kwamba muhuri hukuambia kitabu kilikuwa mali ya nani; haukuambii kilifika kwenu lini.

Jibu la swali hilo limo katika rejista ya vitabu, kama ipo. Isome mstari kwa mstari. Mwandiko unapobadilika, huenda mkutubi amebadilika. Miezi inapopita bila kitabu kipya, kuna jambo la kuulizia, na jambo hilo mara nyingi ni historia kubwa kuliko siku ya ufunguzi yenye hotuba na picha.

Sasa nenda kwa wazee, ukiwa na maswali yaliyotokana na ulichokiona. Salimia kwa lugha ya mahali, maana neno "Kamwene" kwa mzee wa Iringa au Njombe hufungua mazungumzo kuliko barua yoyote ya utambulisho. Usimuulize mwaka. Muulize kama reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikuwa imeshapita Makambako; kama ilikuwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji; kama vijana walikuwa wameshakwenda vita vya Kagera. Uliza nani alishika ufunguo, taa ilikuwa ya aina gani, na watu walikaa wapi. Watafute hasa akina mama waliohudhuria madarasa ya kisomo baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kwa sababu majina yao ni nadra kuonekana katika kumbukumbu za vikao, na baadhi yao ndio waliokuwa wasomaji wa kudumu. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili.

Kumbukumbu za vikao vya halmashauri ya kijiji zisomwe baada ya hapo. Unapofuatilia majalada ngazi ya juu, zingatia mipaka ya zamani: Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, na Mbozi ilikuwa Mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipoundwa mwaka 2016. Jalada la maktaba ya Vwawa, basi, laweza kuwa limebaki Mbeya mjini.

Katika kuandika, usitaje nani aliazima kitabu gani. Hiyo ni siri ya msomaji hata baada ya miaka hamsini. Lakini usifiche kipindi ambacho mlango ulifungwa, wala vitabu vilivyooza kwa unyevu, jambo ambalo mtu wa Rungwe analielewa bila kufafanuliwa. Kazi ikikamilika, toa nakala mbili: moja ibaki ofisi ya kata, na nyingine umkabidhi mkutubi, usimame hapo hadi aigonge muhuri, aipe namba na kuiandika katika rejista ileile uliyoanzia.