Una mimba na pua imeziba: chagua dawa ya kupuliza, kisha uipulize sawasawa

Kwenye famasi yangu hapa Dar, mama kijacho mwenye aleji ya pua huja kwa njia mbili. Ama amevumilia wiki kadhaa bila kulala vizuri kwa sababu ameambiwa kila dawa inamdhuru mtoto, ama amemtuma mumewe, naye anasema tu, "Nipe ile ya pua." Basi hapo ndipo kazi inapoanza, maana "ile ya pua" ni chupa za aina tofauti kabisa zinazofanana kwa sura.

Hatua ya 1: Jua kama kweli ni aleji

Aleji huwasha. Utapiga chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji, macho yanawasha, na mara nyingi mchokozi anajulikana: vumbi, udi, paka, mto wa siku nyingi. Lakini mimba yenyewe pia huziba pua, kwa kuwa utando wa ndani huvimba. Hiyo haiwashi, inaziba tu, na kwa kawaida huondoka ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Dawa za steroidi (za kupunguza uvimbe) haziisaidii sana, kwa hiyo usitupe pesa.

Homa, au makamasi mazito pamoja na uso kuuma? Nenda hospitali kwanza.

Hatua ya 2: Anza na maji ya chumvi

Chemsha maji yatokote dakika moja nzima, yafunike yapoe. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250. Maji mabichi ya bomba usiyaingize puani, hata kama unayanywa kila siku: wapo vijidudu ambao tumboni hawana neno ila puani ni hatari. Chumvi ya jikoni yenye madini joto huwachoma baadhi ya watu. Ikikuchoma, nunua maji ya chumvi ya famasi ya asilimia 0.9. Inamia sinki, acha mdomo wazi, osha pua moja kisha nyingine. Kuna wanaotosheka na hili peke yake.

Hatua ya 3: Geuza boksi, soma jina la dawa iliyomo

Jina kubwa la mbele ni la biashara. Tafuta yale ya maandishi madogo, ambayo nayaandika hapa kama yanavyochapwa.

*Budesonide, fluticasone, mometasone.* Hizi ni steroidi za kupuliza, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Mimi huanza na budesonide kwa sababu ndiyo iliyofuatiliwa zaidi kwa wajawazito. Kumbukumbu za uzazi za Uswidi zilionyesha kwamba mama waliovuta budesonide ya pumu mwanzoni mwa mimba hawakuzaa watoto wenye kasoro wengi zaidi kuliko mama wengine. Kama ulishazoea fluticasone au mometasone na inakufaa, hakuna haja ya kuhangaika kubadilisha. Itaje tu kliniki.

*Triamcinolone.* Iache. Utafiti mmoja uliikuta ikiambatana na kasoro za njia ya hewa za mtoto. Ushahidi si mzito, lakini ya nini kujitafutia wasiwasi na nyingine zipo?

*Xylometazoline, oxymetazoline, ephedrine.* Hizi ndizo mume hupewa akisema "ile ya pua". Hubana mishipa ya damu na kufungua pua ndani ya dakika chache tu, ndiyo maana zinapendwa. Miezi mitatu ya kwanza kaa nazo mbali, na ukiwa na presha usiziguse kabisa. Hata daktari akikuruhusu, zisizidi siku tatu: zikizoeleka, pua huziba zaidi ya mwanzo, nawe unaongeza matone, inaziba tena.

Hatua ya 4: Puliza

Penga pua taratibu. Tikisa chupa; kama ni mpya, bonyeza hewani mpaka itoke kama ukungu. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikiinue kutazama dari. Tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, na wa kushoto kwa pua ya kulia, ncha ielekee upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati. Bonyeza huku ukivuta hewa polepole, kama unayenusa pilau jirani anapopika. Ukivuta kwa nguvu dawa inaishia kooni, na uchungu wake utakujulisha.

Ukiona damu, karibu kila mara ncha ilielekezwa katikati. Pumzisha pua siku mbili tatu, kisha urekebishe mkono.

Hatua ya 5: Subiri, halafu punguza

Steroidi haifungui pua papo hapo. Nafuu huanza ndani ya siku chache na kukamilika hadi wiki mbili, kwa hiyo puliza kila siku, hata siku ambayo pua imetulia. Ukishatulia, muulize mfamasia au daktari jinsi ya kushuka hadi dozi ndogo kabisa inayokutosha. Mara nyingi ni mpulizo mmoja kila pua kwa siku. Mwombe nesi aandike jina la dawa kwenye kadi ya kliniki.

Kifua kikibana na kutoa mlio wa filimbi, nenda hospitali hapo hapo. Fanya hivyo pia kichwa kikiuma sana, macho yakiona maluweluwe au uso ukivimba, hasa baada ya wiki ya 20: hiyo si aleji, upimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo.