Kukagua injini ya Beetle ya zamani kabla hujatoa hela

Wakuu, kila nikiitwa kumkagulia mtu Volkswagen Beetle nakuta yale yale, injini imeoshwa, mabati yamepigwa rangi yanang'aa, na muuzaji kashaiwasha mapema ili ukifika uikute imetulia inaunguruma vizuri. Hapo ndo wengi wanatoa hela. Mi hizi injini nimezifungua miaka mingi na naomba mnielewe jambo moja: vitu vya juu vya Beetle vinanunulika vyote, kabureta, dainamo, distribyuta, hata pistoni na silinda zake unachomoa zote nne unaweka nyingine, ila kesi (lile ganda kubwa linalobeba kila kitu) na krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) ndo injini yenyewe, hivyo viwili vikiwa vimekufa umenunua chuma chakavu. Kwa hiyo nikifika pale ninachotafuta kwanza ni hali ya kesi na krenki.

Beba tochi, spana namba 10 mpaka 21, spana ya plagi, bisibisi bapa, filageji (vile vibati vya kupimia upenyo mdogo), geji ya komprasheni (ya kupima mgandamizo wa silinda) na matambaa. Na siku moja kabla mpigie muuzaji mwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika weka mkono kwenye ekzosi, ikiwa ya moto muulize kwa nini, kisha subiri ipoe hata kama ni masaa mawili, usione aibu.

Hatua ya kwanza ni namba. Iko kwenye kesi, chini ya kile kigingi kinachobeba dainamo, pafute kwa kitambaa usome. Lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, isipofanana ujue injini ilibadilishwa na kazi ya kurekebisha kadi inakuwa yako. Herufi za mwanzo zinakwambia ilizaliwa nini: D ni cc 1200, F ni 1300, H ni 1500, AD ni 1600. Nasema ilizaliwa kwa sababu silinda zinabadilishwa, ila utashangaa ni mara ngapi mtu anauza "1600" na kesi inasoma D.

Ya pili ndo roho ya ukaguzi mzima. Shika puli ya chini ya krenki kwa mikono miwili, vuta kuja kwako, sukuma kurudi ndani. Krenki inatakiwa icheze kidogo sana, injini nzuri iko kati ya milimita 0.07 na 0.13, mwisho kabisa 0.15, mkono wako utausikia kwa shida. Ukisikia "tok, tok" ukivuta na kusukuma, beringi ya upande wa flaiwili (lile gurudumu zito linalokutana na klachi) imeshakula kesi, na hapo dawa ni kuishusha injini, kuipasua yote na kupeleka kesi ikachongwe. Kama huna uhakika mwombe mtu akanyage klachi wewe ukiangalia puli, ikitoka nje kwa namna ambayo jicho linaona, ondoka au anza kuongea bei ya kesi tupu. Baada ya hapo inyanyue puli juu chini, kule haitakiwi kucheza kabisa, ikicheza beringi kubwa zimekwisha. Hii hatua haihitaji spana hata moja na ndo watu wanairuka. Kuna Beetle nilimnunulia mteja zamani, injini ilikuwa safi mno na mwenye gari alikuwa muungwana kweli kwa maneno, nikaangalia moshi, nikasikiliza sauti, nikaridhika, puli sikuishika. Miezi mitatu baadaye tumeishusha, kesi imekwisha kule nyuma ya flaiwili. Yule mteja aliuza pikipiki yake kunilipa kazi ile na bado inaniuma, ndo maana leo puli naishika kabla hata sijasalimiana vizuri.

Tatu, ingia chini na tochi. Kuvuja oili kidogo kwenye vile vipaipu nane vya pushirodi (vifimbo vinavyosukuma valvu) ni kawaida ya umri, usiogope. Inayotona pale injini inapokutana na gia boksi inaweza kuwa ni sili ya flaiwili, injini unaishusha, ila hii inashikwa na bolti nne tu kwa hiyo sio msiba. Ninachokitafuta mimi ni ufa. Kaa nyuma ya gari ukiangalia mbele, silinda namba 3 ni ile ya kushoto iliyo mbele, karibu na flaiwili, kesi hupasuka nyuma yake pale. Futa oili, mulika, futa tena. Na ukiona gundi au chomelea mahali pale usibishane na mtu, kesi hizi ni magnesiamu na kuzichomelea vizuri mafundi wanaoweza ni wachache.

Nne, mabati. Injini hii haina maji, inapozwa na upepo wa feni unaoongozwa na yale mabati, kuanzia lile kubwa la juu mpaka yale madogo ya chini ya silinda, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini usiruhusu hewa moto ya chini irudi juu. Bahati mbaya kuna mafundi wakishusha injini wanarudisha mabati nusu, eti yanasumbua. Injini hii ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, vumbi na tope inavumilia, joto haivumilii. Hesabu kila bati, likikosekana moja jua imekuwa ikipikwa. Na namba 3 ndo inaumia kwanza, kwa sababu kwenye injini za zamani kipozeo cha oili kimesimama ndani ya bati la feni kinaizibia upepo, walikuja kukihamisha kwenye modeli za 1971.

Oili sasa. Inaingia lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, chini kuna wavu tu, kwa hiyo oili inasema kila kitu. Chomoa dipstiki uinuse, ikinuka petroli huenda daiframu ya pampu ya mafuta imetoboka, oili inakuwa nyepesi na beringi zinaisha. Paka kwenye kitambaa cheupe uangalie juani, vumbi linalometameta ni beringi. Waliozoea Toyota wakiona uji mweupe kwenye mfuniko wa oili wanashtuka wanasema gasketi ya hedi imeungua maji yameingia, jamani hapa maji yatoke wapi? Ule ni mvuke, gari ya safari fupi fupi inaupata.

Sita, fungua mifuniko ya tapeti, unasukuma tu ule waya kwa bisibisi. Pima nafasi ya valvu kwa filageji injini ikiwa baridi, nyingi ni milimita 0.15. Iliyolegea sio habari. Iliyobana ndo habari, hasa valvu ya ekzosi ya namba 3, muulize alirekebisha lini mara ya mwisho, akisema mwezi jana na leo imebana tena basi valvu inarefuka, siku moja kichwa chake kitakatika kitobowe pistoni.

Kabla hujawasha, tafadhali sana, shika mipira ya petroli yote. Ikiwa na nyufa au imekuwa laini kama ulimi usiwashe. Cheki pia kile kijipaipu cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, kikichezacheza kinaweza kuchomoka njiani petroli ikamwagikia injini yenye moto, Beetle nyingi zimeungua hivyo, na magnesiamu ikishika moto haizimiki kirahisi.

Haya washa. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni usikutishe, silinda zimelala oili inapenya, ila ukiendelea baada ya dakika mbili tatu ni ringi au gaidi za valvu. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Fungua mfuniko wa oili weka kiganja, ikipumua kwa nguvu na moshi, ringi zimechoka.

Iache ipate moto kisha pima komprasheni, plagi zote nne nje, mafuta umekanyaga mpaka chini. Mimi zikiwa juu ya psi 100 na zinakaribiana nafurahi, moja ikiwa chini ya 80 nahesabu hedi kwenye bei. Ule mtindo wa kumimina oili kwenye silinda upime tena hapa usiuamini sana, silinda imelala, oili inakaa upande wa chini tu ringi za juu haizifikii.

Mwisho endesha nusu saa, tafuta mlima. Taa ya dainamo ikiwaka njiani simama papo hapo uzime, huenda fanibelti imekatika na belti hiyo hiyo ndo inazungusha feni. Ukirudi iache itulie bila kukanyaga mafuta, taa ya oili ikipepesa kwa mbali ikiwa moto sana inavumilika, ikiwaka moja kwa moja haivumiliki. Zima, subiri dakika kumi, washa tena iwake bila kubembelezwa. Kisha zima, chukua kitambaa, shika ile puli uvute na kusukuma mara ya pili ikiwa ya moto. Ikicheza kale kale kadogo ka asubuhi, hapo ndo namgeukia muuzaji tuongee bei.